Punguzo la asilimia 10 halili asilimia 10 ya faida

Wenye maduka wengi huamini kwamba kushusha bei kwa asilimia 10 ni kujinyima kidogo tu, na wateja watakaoongezeka watafidia. Kosa liko hapa: punguzo huhesabiwa kwenye bei, lakini hukatwa kwenye faida.

Chukua doti ya khanga unayoinunua shilingi 10,000 na kuiuza 14,000. Faida ni 4,000. Ukipunguza asilimia 10, zinaondoka 1,400, unabaki na 2,600. Umepoteza asilimia 35 ya faida. Kama ulikuwa unauza doti 20 kwa wiki, ulipata 80,000. Sasa lazima uuze 31 ili ufikie hapo hapo, na hapo hatujagusa nauli ya mzigo wala mifuko.

Tena mteja wa kudumu, ambaye angenunua kwa bei kamili, anajifunza kusubiri ofa ijayo.

Afadhali punguzo lifungwe kwenye idadi: doti tatu kwa 40,000 badala ya 42,000. Faida ni 10,000 kwa mteja mmoja aliyekuja kununua moja. Andika tarehe ya mwisho, na uifuate kweli. Ofa "ya leo tu" inayobandikwa mwezi mzima haimshtui mtu.

Mzigo uliododa ni habari nyingine. Huo ushushe bei hata chini ya uliyonunulia, maana pesa iliyolala kwenye rafu haileti khanga mpya.