Mashine ya wakala na foleni iliyobaki kaunta

Ukiingia tawi la benki Jumatatu asubuhi, watazame walio mbele yako kwenye foleni. Utaona mabegi ya mgongoni yaliyotuna kwa noti zilizofungwa rababendi. Hao ni mawakala. Wameleta noti walizopokea mwisho wa wiki ili zigeuzwe kuwa floti, yaani salio la akaunti ya wakala, warudi dukani kuhudumia watu.

Ninapofundisha ufanisi wa benki huanzia kwenye begi hilo. Kipimo chenyewe ni chepesi: katika kila shilingi 100 ya mapato, ngapi zimeliwa na gharama za uendeshaji, yaani mishahara, pango, umeme, ulinzi na mifumo? Benki Kuu ya Tanzania inataka zisizidi 55. Idadi ya programu za simu ambazo benki imezindua haimo kwenye hesabu hiyo.

Sasa mfuate mama lishe anayeweka 200,000 kwa wakala jirani. Wakala anahesabu noti, anazitia kwenye droo yake, anabonyeza mashine. Mfumo unakata 200,000 kwenye akaunti ya wakala na kuziingiza kwenye akaunti ya mama, risiti inatoka. Benki haijagusa noti hata moja. Haikulipa pango la kibanda wala mlinzi wa mlangoni, imelipa kamisheni basi. Ndiyo maana tangu uwakala wa benki uwekewe mwongozo nchini mwaka 2013, kufika mtaa mpya hakumaanishi tena kujenga tawi.

Ila tusidanganyane. Sehemu ya gharama hiyo haikufutika, imehama. Hofu ya kulala na fedha dukani, hasara ya noti bandia, nauli ya kwenda tawini, yote sasa ni ya wakala. Vitabu vya benki vinapendeza, huku Jumamosi jioni mteja anaambiwa: "Floti imekata, jaribu kesho."

Faida ambayo sina ubishi nayo ipo mahali mteja hapaoni. Taasisi 40 zikitaka kutumiana fedha kwa kuunganishwa mbili mbili, zinahitaji miunganisho 780, kila mmoja na mkataba wake na mafundi wake. Zikipitia mfumo mmoja wa kati, kama TIPS unaoendeshwa na Benki Kuu, inatosha 40.

Mifumo nayo inakula. Seva hainunuliwi kwa bei ya huruma kwa sababu una wateja wachache, kwa hiyo benki ndogo hubeba mzigo mzito kwa kila akaunti. Na lipo kosa linalonikera zaidi: mfumo mpya unawekwa, utaratibu wa zamani unaachwa palepale. Niliwahi kufungua akaunti kwa namba ya NIDA na alama ya kidole. Taarifa zangu zikajitokeza zenyewe kwenye skrini. Kisha nikapewa fomu ya kurasa nne nijaze yaleyale kwa kalamu. "Hii ni ya faili, mwalimu," afisa akasema, mwenyewe akicheka.

Kuhama ovyo nako ni balaa. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia wateja wake zaidi ya milioni 5 kwenye mfumo mpya ndani ya wikendi moja. Hadi wateja milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, mambo hayakutengemaa mpaka Desemba, na mwaka 2022 wasimamizi wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Kwa mwenye udadisi, taarifa za fedha za robo mwaka hutangazwa magazetini na kwenye tovuti za benki. Shuka mpaka chini, kwenye viashiria: utakuta uwiano wa gharama kwa mapato, idadi ya wafanyakazi na ya matawi. Weka kando yake taarifa ya robo kama hiyo ya miaka mitano nyuma, ulinganishe. Kama amana zimekua sana na matawi ni yaleyale, mashine za mawakala zinafanya kazi. Kama gharama zimepanda bega kwa bega na mapato, kaulizie zile fomu za kurasa nne.