Bia ya hopsi mbichi: mikebe miwili niliyobeba tu dukani

Miaka tisa napika bia Nairobi na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, nimeijua kwa sura moja tu, zile pelleti za kijani zinakuja kwa pakiti za foili za kilo 5, ukizimwaga mkononi utadhani ni chakula ya sungura. Sasa mwezi wa tisa nilikuwa kwa dada yangu karibu na Seattle, Marekani, tumeingia duka kutafuta maziwa, nikapita mbele ya friji nikaona mkebe umechorwa ua la hopsi na umeandikwa ni bia ya hopsi mbichi. Kiwanda sikijui. Nikabeba miwili hata bei sikuangalia.

Chini ya mkebe imepigwa 09/12. Nikashtuka, 9 Desemba si bado? Dada akacheka, akaniambia hawa huanza na mwezi. Kumbe imepakiwa tarehe 12 Septemba na hiyo siku ilikuwa 17. Siku tano jamani!

Wacha nieleze kwa nini hizo siku tano zilinisisimua. Ua la hopsi likivunwa, karibu asilimia 80 yake ni maji, na ukiliacha kwa gunia linapata joto lenyewe na kuanza kuoza, kwa hivyo mkulima analikausha haraka na hewa moto ya kama digrii 60 mpaka maji yabaki kama asilimia 10, ndio lisagwe na kushindiliwa liwe pelleti. Hiyo ndio inasafiri hadi kwangu na ni kitu kizuri, siwezi kuidharau, lakini yale mafuta mepesi yenye harufu mengine yanapotelea hapo kwa joto. Bia ya hopsi mbichi inaruka hiyo hatua yote, ua linatoka shambani na kuingia sufuria ndani ya saa 24 hivi, na unatia uzito mara nne, mara tano ya ile kavu kwa sababu nyingi ni maji. Mavuno ni mwisho wa Agosti na Septemba, yakiisha yameisha, ngoja mwaka ujao. Watu wa Seattle wanaiweza kwa sababu bonde la Yakima, penye hopsi nyingi kushinda kwingine kote Marekani, ni mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari. Kwetu huu mmea unasumbua, unataka siku ndefu za jua ndio uchanue vizuri, Yakima mwezi wa sita wanapata karibu saa 16 za mchana na sisi Nairobi ni kama saa 12 tu, kuanzia Januari mpaka Desemba.

Nikamimina kwa glasi ya maji. Rangi ya chai ya rangi iliyopauka, ukungu kidogo, povu jeupe linashika glasi. Halafu nikanusa, na nikarudi darasa la saba, uwanja wa shule asubuhi tumefyeka nyasi na usiku mvua ilikuwa imenyesha! Chini yake kuna tikiti maji, sio ile nyekundu, ile nyeupe karibu na ganda. Uchungu upo lakini hautafuni ulimi. Shemeji akanusa akauliza, "Hii wameweka majani gani?" nikamwambia hopsi na bangi ni ukoo mmoja, hajakosea sana. Kasoro ni huko mwisho, inaacha ladha ya bua la mahindi, nadhani maua yalilowekwa muda mrefu kupita kiasi.

Mkebe wa pili niliufunga na soksi ndani ya sanduku nikauleta kwa wenzangu kazini, tukaufungua mwisho wa Oktoba. Uchungu ulikuwa pale pale, maana huo unatoka kwa asidi za hopsi zilizobadilishwa na moto wa kuchemsha na hauondoki haraka. Harufu ndio hakuna. Ile nyasi yote, ile mvua, imebaki kitu kama chai iliyolala kwa chupa. Nilikuwa nimewasifia safari nzima na ikabidi niwaeleze kwa mdomo.

Kwa hivyo ukipata hii bia popote, geuza mkebe kwanza usome tarehe. Ikipita mwezi iache hapo, na kama ni ya juzi usiipeleke kwa kabati, fungua siku hiyo hiyo.