Chakula cha Mwisho Sicho Mshtakiwa wa Kwanza

Mvua za masika zimeshika, na malalamiko ya watu wanaoharisha na kutapika baada ya karamu au chakula cha njiani yamezidi. Sisi tunaochunguza maradhi haya tunawashukuru mnaotoa taarifa. Shida ni kwamba nyingi hutufikia zikiwa na mshtakiwa tayari: viazi karai vya jioni ile, au juisi ya miwa iliyonywewa saa moja kabla ya tumbo kusokota.

Ikiwa chanzo ni virusi, saa moja haitoshi. Norovirusi, virusi vya kuharisha na kutapika, huchukua saa 12 hadi 48 kabla ya dalili kutokea, na virusi vya homa ya ini aina ya A huchukua siku 15 hadi 50. Kwa hivyo afisa wa afya ya umma akikuuliza ulikula nini siku tatu zilizopita, hakupotezei wakati. Mwenye macho ya manjano, dalili ya homa ya ini, ataulizwa habari za mwezi mzima na zaidi.

Tunaambiwa pia kwamba chakula hakikuwa na harufu mbaya. Norovirusi haziongezeki ndani ya chakula wala hazikichachushi. Huongezeka ndani ya utumbo wa mtu, na chembe zisizofika mia zaweza kumlaza mtu mzima. Pilau huiva vizuri, kisha kachumbari, barafu au mkono wa mpakuaji ndio ulete maradhi. Sanitaiza pekee haitoshi hapa. Ni sabuni na maji yanayotiririka, na hili tumelirudia mno.

Chaza wana taabu yao. Huchuja maji ya mkondo mchana kutwa, na maji taka yakiingia, virusi hukusanyika kwenye tezi lao la kumeng'enyea chakula. Wakihamishiwa maji safi, bakteria hutoka kwa siku chache ilhali virusi vyaweza kubaki kwa wiki kadhaa. Kipimo cha bakteria kikitoka safi, hakijathibitisha lolote kuhusu virusi.

Maabara hukata tezi hilo peke yake, hulisaga, hulitia kimeng'enya, kisha hutoa chembe za urithi za virusi na kuzipima kwa PCR, njia ya kuzinakili mara nyingi hadi zionekane. Mwanzoni kabisa huongezwa kiasi kinachojulikana cha kirusi kingine, mengovirusi. Kirusi hicho kisipopatikana mwishoni kwa kiwango kinachokubalika, matokeo hayategemewi na kazi hurudiwa. Siku za kungoja majibu mnazolalamikia huishia hapo. Tena PCR haitenganishi kirusi hai na kilichokufa, ndiyo maana tunalinganisha mpangilio wa jeni wa kirusi cha mgonjwa na wa kile cha chakula. Kabla ya hapo hatutaji jina la hoteli, hata tukisukumwa vipi.

Bila sampuli hakuna cha kulinganisha. Kinyesi kiletwe mapema, ndani ya saa 72 tangu dalili zianze, katika kikopo chenye kifuniko kutoka kituo cha afya, bila mkojo wala dawa ya kusafishia choo. Kiwekwe kwenye ubaridi, kisigandishwe. Mabaki ya chakula yafunikwe, yaandikwe saa na tarehe, yatiwe kwenye friji; msiyamwage kwa hasira. Na antibiotiki za kujinunulia dukani haziui virusi.

Kwa wauzaji: cheti cha afya cha miezi sita hakikupi ruhusa ya kupakua chakula huku unaharisha. Kaa nje ya jiko angalau saa 48 baada ya dalili kukoma. Kuuza chakula kisichofaa kuliwa na binadamu ni kosa chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254 ya Sheria za Kenya. Adhabu ni faini au kifungo, na chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, jengo lenyewe laweza kufungwa.

Mwisho, wanaochota maji taka mitaroni ili yapimwe virusi si askari wa kanjo, wale wa kaunti. Mwaka 2018 kirusi cha polio kilipatikana kwenye maji taka ya Eastleigh, Nairobi, kabla ya mtoto yeyote wa pale kupooza, na watoto wakachanjwa. Waacheni wachote. Maji hayo ni mchanganyiko wa nyumba nyingi. Hayaonyeshi mlango wa mtu, wala hakuna anayetozwa faini kwa kilichopatikana humo.