Mto Mkavu Si Pa Kulala

Wengi wanaopanga kutembea kwa miguu siku kadhaa huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, husema: tutapiga hema kwenye mchanga wa mto, anga ni jeupe, mvua iko wapi? Mto Kidepo ndio unaodanganya zaidi. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, mpana kama barabara, miti ya mivumo imesimama kingoni, na mwili uliochoka unatamani kujinyoosha papo hapo.

Tafadhali usilale humo. Mafuriko ya mto wa mchanga hayangoji wingu lililo juu ya kichwa chako. Hutoka milimani, kwenye mvua ambayo hata ngurumo yake huenda usiisikie. Ardhi iliyokaushwa na jua hainywi maji upesi, basi yote hukimbilia bondeni kwa pamoja, na matope na magogo ndani yake. Maji ya sentimita 15 tu, yakienda kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Agosti 1997 watu 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, korongo jembamba huko Arizona, Marekani, kwa mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa.

Kabla ya kushusha mzigo, tazama kingo. Nyasi kavu na vijiti vilivyonasa matawini vinaonyesha maji yaliwahi kufika wapi. Hema likae juu zaidi ya hapo. Mchangani shuka kutafuta maji tu, kama Wakaramojong wanavyochimba visima humo wakati wa kiangazi, kisha uyachemshe.