Mafunzo ya wakaguzi wa viwanda vya maji ya chupa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Majibu ya maabara yakiwa mazuri, kiwanda ni salama.

Ukweli: Majibu hayo yanazihusu chupa chache zilizopimwa siku ile, wala hayasemi lolote kuhusu maelfu ya chupa nyingine. Kipimo cha E. coli, bakteria asiyetakiwa kuonekana katika mililita 100 za maji ya kunywa, huhitaji takriban saa 24 za kuotesha, na kufikia hapo huenda shehena imeshaondoka. Mwaka 2016 huko Catalonia, nchini Hispania, zaidi ya watu 4,000 waliugua kwa sababu ya norovirusi, virusi vinavyoleta kutapika na kuhara, iliyokuwa katika madumu ya maji ya maofisini, na vipimo vya kawaida vya bakteria havitafuti virusi.

Kwa hiyo mafunzo yanayofaa humzoeza mkaguzi kuyafuata maji tangu chanzoni hadi kwenye kizibo, akiuliza katika kila hatua ni hatari gani inaweza kuingia, nini kinaizuia, na nani amethibitisha kwamba kizuizi hicho kinafanya kazi leo. Hapa kumbukumbu za kiwanda husema mengi. Daftari linaloonyesha kiwango kilekile cha ozoni, gesi inayotumika kuua vijidudu ndani ya maji, kila saa kwa mwezi mzima, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, linapaswa kumtia shaka kuliko lile lenye hitilafu mbili zilizoelezwa pamoja na hatua zilizochukuliwa.

Dhana: Ozoni haiachi kitu chenye madhara, kwa hiyo kadiri inavyozidi ndivyo maji yanavyokuwa salama zaidi.

Ukweli: Ozoni yenyewe hugeuka kuwa oksijeni, lakini ikikuta bromidi, aina ya chumvi ya asili, ndani ya maji inaweza kuzalisha kemikali iitwayo bromati, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita kwa sababu inashukiwa kusababisha saratani. Mwaka 2004 kampuni ya Coca-Cola iliondoa sokoni Uingereza chupa zipatazo 500,000 za maji ya Dasani baada ya bromati kuvuka kiwango kilichoruhusiwa nchini humo. Mkaguzi asiyejua kiasi cha bromidi katika maji ghafi hana msingi wa kuikubali dozi ya ozoni, hata mtambo uwe mpya kiasi gani.

Dhana: Bila shahada ya kemia huwezi kukagua.

Ukweli: Kemia inasaidia, lakini makosa mengi huonekana kwa macho na pua zilizofundishwa. Dumu lililorudishwa likinuka mafuta ya taa litolewe kabisa, maana plastiki hufyonza mafuta na kuosha hakuyamalizi. Taa ya mionzi ya urujuanimno, inayoua vijidudu ndani ya maji, inaweza kuwaka vizuri huku kioo kinachoizunguka kimefunikwa na chokaa, na mionzi isiyafikie maji ipasavyo.

Dhana: Kuandika ripoti hakuhitaji kufundishwa.

Ukweli: Naona hili ndilo linalopuuzwa zaidi. “Chumba cha kujazia ni kichafu” ni maneno yasiyomwelekeza yeyote, ilhali “matone ya mvuke yanaanguka kutoka darini juu ya chupa zisizozibwa, karibu na mashine ya kujazia” yanaonyesha hatari, mahali ilipo na cha kurekebisha. Chini yake iandikwe tarehe ambayo mkaguzi atarudi kuhakiki, kabla hajatoka getini.