Punda mwitu mwenye kromosomu 63: ni mgonjwa?

Punda ana kromosomu ngapi?

Kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Farasi anazo 64. Punda wa kufugwa, kama hawa wanaobeba mchanga na matofali Lamu, ana 62. Punda mwitu wa Kisomali, yule mwenye milia miguuni anayeishi jangwani Ethiopia na Eritrea, hana idadi moja: wapo wa 62, wa 63 na wa 64.

Huyo wa 63 si kasoro?

Hapana, ni mzima. Fikiria doti ya khanga kabla ya kukatwa: kitambaa ni kimoja. Ikatwe, unahesabu viwili, lakini hakuna hata uzi uliopungua. Punda wa 63 amerithi doti nzima kwa mzazi mmoja, na kwa mwingine ileile iliyokatwa.

Mbona baghala, mtoto wa farasi na punda, naye ana 63 na hazai?

Yeye amepata 32 za farasi jike na 31 za punda dume. Hapo si suala la doti moja kukatwa. Mpangilio wa jeni unatofautiana mahali pengi, kwa hiyo nyuzi hushindwa kupatana wakati wa kutengeneza mbegu au mayai.

Sisi binadamu je?

Kawaida yetu ni 46. Lakini takriban mtu 1 kati ya 1,000 ana kromosomu mbili zilizoungana. Akihesabiwa anazo 45, na afya yake njema. Shida huja kwenye uzazi: mtoto anaweza kurithi pungufu au ziada. Mimba hutoka mara kwa mara, au, kama iliyoungana ni namba 21, huenda akazaliwa mtoto mwenye hali ya Down, yaani mwenye ziada ya kromosomu hiyo, na hukua kwa kuchelewa. Hata hivyo, watoto wengi wa Down hawatokani na njia hii.

Nani apimwe?

Wenzi ambao mimba zao zimetoka mara kadhaa, na wapimwe wote wawili. Kwetu mke ndiye husukumwa hospitali peke yake, ilhali mume naye anaweza kuwa ndiye mbebaji. Huchukuliwa damu, chembe nyeupe zikakuzwa maabara kwa siku kadhaa, kisha kromosomu zikahesabiwa kwa hadubini.

Majibu yakisema 45?

Muulize daktari: zimeungana, au kuna iliyokosekana? Mwanamke aliyekosa kromosomu moja ya X naye huhesabiwa 45, ila hiyo ni hali ya Turner, na huduma yake ni tofauti kabisa.