Mvua ya kwanza isikufanye umalize mabua: mifugo ya nyumbani Tabora kati ya Oktoba na Desemba

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, lakini mwanzo wake hauna adabu. Mara nyingi hunyesha kwa nguvu siku mbili tatu mwishoni mwa Oktoba, nyasi zikachipua, watu wakafurahi, kisha jua likarudi kuwaka wiki mbili au tatu bila tone. Mfugaji mwenye mbuzi watano, ng'ombe mmoja na kuku kando ya nyumba, awe Uyui, Sikonge au Urambo, huweza kupoteza wanyama wengi katika wiki hizo. Wanyama wamekonda tangu Agosti, na ghafla wanabadilishiwa chakula, maji, joto na wadudu kwa wakati mmoja.

Kosa linaloanza mapema ni kuacha kulisha mabua mara tu ardhi inapokuwa ya kijani. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji karibu kilo 1 ya chakula kikavu kwa siku. Nyasi changa ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, hivyo ili apate hiyo kilo 1 lazima ale kilo 5 au zaidi, na nyasi zenye urefu wa kidole hazimpi kiasi hicho hata akitembea kutwa. Anarudi jioni tumbo limejaa maji, anaharisha, na nguvu kidogo aliyobakiwa nayo ameimaliza njiani. Tena vijidudu vya tumboni vinavyosaga chakula chake vimezoea majani makavu. Vinahitaji wiki mbili hadi tatu kuzoea mabichi.

Kwa hiyo weka akiba ya siku 21 na usiiguse kabla ya mvua. Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia, mpe kila mbuzi nusu kilo ya hei (nyasi zilizokaushwa), mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa au maganda ya karanga. Kwa mbuzi watano ni kama kilo 53. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 200 mpe kilo 2, yaani kilo 42 kwa kipindi chote. Akiba ikae juu ya kichanja chini ya paa, maana mabua yaliyolowa huota ukungu kwa siku chache, na mabua yenye ukungu ni ya kutupa kwenye mbolea. Jiwe la chumvi liwepo muda wote. Siku mvua ikikatika tena, usihesabu kwamba siku zimeshapita: anza upya kuhesabu nyasi zitakapochipua mara ya pili.

Kipindi hicho cha jua kurudi kina hatari nyingine ambayo wengi huidhani ni uchawi au nyoka. Mtama uliochipua ukiwa chini ya urefu wa goti, ukinyaukia shambani kwa kukosa mvua, hutoa sumu ya sianidi. Machipukizi ya mabua ya mtama wa mwaka jana nayo ni hivyohivyo. Ng'ombe akiingia humo na njaa yake, huanza kupumua haraka, kuyumba na kutetemeka, ufizi unakuwa mwekundu wa kung'aa, na anaweza kufa ndani ya saa moja. Dawa ipo lakini huchomwa na mtaalamu, na mara nyingi mtaalamu hufika kumekwisha. Zuia wanyama wasiingie kwenye mtama mpaka upite sentimita 60 na uwe haujanyauka. Majani na maganda ya muhogo yana sumu ya jamii hiyo. Yakatekate, yaanike juani siku mbili hadi tatu, ndipo ulishe kidogo kidogo.

Na maembe. Tabora ni mkoa wa miembe, na Novemba na Desemba ardhi chini yake hujaa maembe yaliyodondoka. Ng'ombe humeza embe zima, kokwa likakwama kooni, gesi ikakosa pa kutokea na ubavu wa kushoto ukavimba kama ngoma. Akitoa mate mengi na kunyoosha shingo, usimnyweshe kitu chochote: kitaingia mapafuni. Mwite afisa mifugo wa kata papo hapo. Kuvimba kunakotokana na nyasi mbichi peke yake ni tofauti, kwani koo li wazi na mnyama anameza. Huyo msimamishe miguu ya mbele ikiwa mahali pa juu, umpe mafuta ya kula, mililita 50 hadi 100 kwa mbuzi au 250 hadi 500 kwa ng'ombe, polepole kupitia pembeni mwa mdomo, kichwa kikiwa sawa na mgongo na si kuinuliwa juu.

Kuhusu banda, baridi kavu haimsumbui sana mbuzi mzima. Kinachomuua ni kulowa huku upepo ukimpiga. Sakafu ya mbao au fito iinuliwe kama mita 1, nafasi kati ya fito sentimita 1 hadi 1.5 ili kinyesi kidondoke lakini mguu wa kitoto usinase. Paa litokeze nje sentimita 60. Upande unaotoka upepo wa mvua uzibwe kuanzia chini hadi kimo cha mbuzi, juu paachwe wazi. Wapo wanaozungushia turubai pande zote mvua ikianza. Hilo ni baya kuliko kuacha wazi, kwa sababu harufu kali ya mkojo hubaki ndani na kuchoma mapafu, kisha kikohozi kinafuata. Mwanambuzi aliyezaliwa usiku wa mvua mkaushe kwa gunia mpaka manyoya yasimame, na uhakikishe amenyonya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa ya kwanza. Wa kilo 2 anahitaji kama mililita 200 katika siku yake ya kwanza.

Minyoo huamka na unyevu. Mayai yaliyo kwenye kinyesi huwa viluwiluwi tayari kuambukiza ndani ya wiki moja, navyo hupanda kwenye nyasi zenye umande. Wafungulie mbuzi umande ukishakauka, saa tatu au saa nne asubuhi. Wiki nne hadi sita baada ya mvua kushika, funua kope la chini la kila mbuzi: likiwa jeupe, au kukiwa na uvimbe chini ya taya, huyo ndiye wa kupewa dawa. Kuwapa wote kila mwezi hufundisha minyoo kuizoea dawa. Soma pia nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, kwani albendazole ya asilimia 10 ina nguvu mara nne ya ile ya asilimia 2.5, na chupa hufanana. Mbuzi aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba asipewe.

Kupe wa masikioni, wanaoleta ndigana kali, nao hutoka kwa wingi mvua ikishika. Ogesha kila wiki badala ya kila wiki mbili. Wanyama wanywe maji kwanza ili wasinywe dawa ya josho, na isiwe siku yenye wingu la karibu, maana mvua itaisafisha. Anayetumia bomba la mgongoni apulizie mpaka dawa ichuruzike, asisahau ndani ya masikio, chini ya mkia na katikati ya kwato. Ndama akivimba tezi chini ya sikio na joto likipita 40°C, dawa husaidia akiwahiwa siku za mwanzo. Akishaanza kutoa povu puani, umechelewa.

Kuku wachanjwe dhidi ya kideri (mdondo) kabla ya haya yote, kwa sababu ugonjwa huo hupenda miezi ya mwisho wa kiangazi. Chanjo ya TEMEVAC, inayotengenezwa Kibaha, ni tone 1 jichoni, kurudiwa kila miezi 3, na haiponyeshi kuku aliyekwisha kuugua. Kichupa kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo nunueni na majirani mchanje siku moja. Maranda yakilowa yatoeni siku hiyohiyo, la sivyo vifaranga wataharisha damu.

Mnyama akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, msimchune wala msigawane nyama. Huenda ni kimeta, na kisu kikimpasua mbegu zake hubaki kwenye udongo kwa miaka mingi. Funikeni mzoga, zuieni mbwa, mwiteni afisa mifugo, kisha mzoga uchomwe, au uzikwe mita 2 chini na kumwagiwa chokaa, mbali na kisima.